Jibu la Mreno

“Ni hayo tu aliyosema?”

Mgeni aliniuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kalamu yake imesimama juu ya daftari. Mbele yetu kulikuwa na sinia la ndizi zilizopikwa na maharage. Ng'ambo ya meza alisimama mjane mmoja mzee, ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. Hakuwa akimtazama mgeni. Alikuwa akinitazama mimi, na wengine wote pale walikuwa wakinitazama mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua nimeulizwa nini.

Nilikuwa binti wa kuuliza maswali. Nyumbani nilimchosha baba, chuoni niliwachosha walimu. Lakini swali lile fupi sikuweza kulijibu. Nilitikisa kichwa kukubali, naye akaandika.

Alikuwa mwanasiasa kutoka Ureno, mbunge aliyeshughulikia kilimo na ardhi. Jina lake silitaji, wala la mtu mwingine yeyote katika habari hii. Wengi wao wana wajukuu Ngara mpaka leo, na wajukuu hao hawana kosa lolote.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, masomo ya kilimo, nikapangiwa kazi wilayani kwetu. Nilipofika, watu walikuwa wamekwisha kuteremshwa kutoka vilimani na kupangwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Kazi iliyobaki ilikuwa kupima viwanja kwa kamba na kushauri kipandwe nini. Nilihoji kila kitu. Nilihoji kwa nini nyumba zipangwe mstari mmoja kama watu wanaosubiri chanjo. Nilihoji kwa nini kibao chenye jina la kijiji kimetangulia kisima. Afisa wangu, mtu wa makamo kutoka mkoa mwingine, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ndugu, wewe umesoma mpaka umesahau kunyamaza.” Alisema akicheka, na mimi nikacheka, na kamba ikaendelea kuvutwa.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo sikulihoji, na ni jambo nililopaswa kulijua kuliko wote. Nilitakiwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu migomba: je, watu walioiacha vilimani watapata hasara? Niliandika kwamba machipukizi yakihamishwa na kupandwa kijijini yatazaa baada ya muda si mrefu, na kwamba wahusika wote wanaweza kubaki kijijini bila hasara. Chuoni nilijifunza nafasi kati ya shina na shina. Niliyoyaona nyumbani tangu utotoni sikuyahesabu kuwa elimu: kwamba mama alimwaga majivu ya jikoni kwenye migomba, na maganda, na samadi ya ng'ombe, na maji aliyotuogeshea, na kwamba bibi alifanya hivyo kabla yake. Mgomba wa kwetu unalishwa na nyumba. Ukiondoa nyumba, mgomba unakaa na njaa. Ukipeleka chipukizi penye kokoto kando ya barabara, ambapo hakuna aliyewahi kupika, nalo linakaa na njaa. Nilijua hayo kwa mikono yangu nikaandika mengine kwa kalamu. Ukurasa ule ulikuwa na sahihi yangu.

Basi ikaja habari ya mgeni. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, Kifaransa chake cha kutosha, na wilaya nzima aliyejua Kifaransa nje ya misheni ni mimi, kwa sababu nilisomeshwa na masista waliotoka Burundi. Nilipewa Landrova na dereva, nikaenda kumpokea Biharamulo.

Nilitegemea mtu wa tai. Nilikuta mtu mfupi, shingo imeungua jua, viatu vya mtu aliyezoea kutembea mashambani. Kabla ya kunipa mkono aliinama, akachukua udongo, akausaga kwa vidole na kuunusa. Nilimpenda hapo hapo. Naeleza hili ili isije ikadhaniwa kwamba nilimdanganya kwa kumchukia.

Njiani nilimuuliza maswali na yeye hakuchoka. Alizaliwa kusini ya nchi yao, kwenye mashamba makubwa ya ngano ambayo wenyewe walikaa mjini na kuja mara moja kwa mwaka kuwinda ndege. Baba yake alikuwa kibarua wa kuvuna. Msimu ukiisha, hakuna kazi. Padri mmoja alimlipia shule, akasomea kilimo, akafanya kazi ya bwana shamba wa serikali “hapa na pale”. Kisha wanajeshi wa kwao wakaiangusha serikali ya zamani, vibarua wakaingia kwenye yale mashamba na kuanza kuyalima kwa pamoja, na wao ndio waliompeleka bungeni. Sasa kule kulikuwa na mzozo. Wenye mashamba walitaka kurudishiwa, vibarua walikataa, na yeye alikuwa kwenye kamati iliyotakiwa kupendekeza sheria. Alikuja kwetu kuona kama kulima kwa pamoja kunawezekana, ili akirudi awe na la kusema.

“Hapa na pale wapi?” sikumuuliza. Mimi, wa maswali yote. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye mapinduzi.

Tulisimama kwanza Nyamigogo. Kule kulikuwa na familia zilizotoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, na mzee mmoja wa Kisukuma alikuwa akirekebisha jembe la kukokotwa. Mgeni alitaka kujua shamba la ujamaa linaendaje. Mzee akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akaniita mjukuu, akasema kwa Kiswahili, “Mwambie shamba la ujamaa ni ng'ombe wa jirani. Kila mtu anamsifu nundu, wa kumpeleka majini haonekani.”

Nilifikiri kidogo, nikasema kwa Kifaransa kwamba shamba linaendelea vizuri ila linahitaji nguvu kazi zaidi. Mgeni alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu na mabega yake yalitikisika. Nilidhani ni vumbi limemkaba. Uongo ule ulikuwa mwepesi, hata sikuuona kuwa uongo. Niliuita kupanga maneno.

Nyakanazi tulikunywa chai kwenye kibanda. Siku hizo njia panda ile ilikuwa na nyumba chache tu na malori mawili matatu. Nilimuuliza kama vibarua wa kwao waliulizwa wanataka nini kabla ya kamati kukaa. Alizungusha kikombe. Alisema mwanasiasa wa kilimo kazi yake ni kuwasemea watu ambao hana muda wa kuwasikiliza. Halafu akaongeza kwamba yeye angalau anajitahidi kusikiliza. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, niliyaona ni ya mtu mnyofu.

Kijiji alichopelekwa kilikuwa kimeteuliwa wiki nyingi kabla, na mimi nilishiriki kukiteua. Kilikuwa na shule, na zahanati iliyopauliwa lakini bado haijapata dawa. Tatizo lilikuwa chakula. Mgeni huwezi kumpa ugali wa muhogo ukajiita Mhangaza. Ni lazima ndizi. Na migomba ya kijiji, ile iliyopandwa kwa ushauri wangu, ilikuwa na mikungu yenye vidole vyembamba kama vya mtoto mgonjwa. Mwenyekiti wa kijiji akatuma vijana wapande kilimani, kwenye mahame, wakakate mkungu uliokomaa. Walikata ule mzuri kuliko yote. Ulikuwa wa migomba ya yule mjane.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa chini ya mgomba. Tangu siku hiyo shina lile na machipukizi yake ni ya mtoto huyo. Mkungu wake huliwa na watu wa nyumba ile tu, na anayeukata ni mama au bibi wa mtoto, kwa mkono wake. Kumpa mpita njia ndizi hizo ni kumpa kitu cha mwilini mwa mtoto wako. Mjane yule alizaa wengi akabakiwa na mmoja, kijana wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa kwenye mafunzo ya mgambo. Shina la kijana huyo lilikuwa nyuma ya mahali ilipokuwa nyumba yao. Vijana waliotumwa hawakujua. Nyumba ilikuwa imeezuliwa paa siku ya kuhama, nyasi zilikuwa zimefunika ua, na shina halina kibao.

Mjane aliutambua mkungu ulipopita begani mwa mtu. Baadaye wanawake waliokuwa wakimenya walinieleza kwamba hakupiga kelele. Alikaa pembeni wakati ndizi zinapikwa, midomo ikicheza, kama mtu anayekariri sala. Alikuwa akikariri Kiswahili.

Ni kweli alikuwa na Kiswahili. Wazee wengi wa kwetu siku hizo hawakuwa nacho. Waliongea Kihangaza, na serikali ikaongea Kiswahili, na kati yao akasimama balozi wa nyumba kumi. Yeye alihudhuria kisomo cha watu wazima chini ya mti wa shule kila alasiri, na akakishika kidogo. Aliamini kwamba ombi likisemwa kwa Kihangaza linabaki kijijini, na likisemwa kwa Kiswahili linaondoka.

Tulipokwisha kunawa, akaja mpaka mezani. Mwenyekiti akamwambia kwa Kihangaza arudi kwa wenzake. Hakurudi. Alimwangalia mgeni, akasema polepole, kila neno peke yake:

“Mugeni, karibu. Ndizi hizi ni za mutoto wangu. Zimekatwa, mimi sikujua. Sikatai, ure. Nataka kitu kimoja. Uwaambie hawa wanirudishe kwangu, nirare na migomba yangu. Mimi ni mzee. Sitaomba kingine.”

Halafu akanigeukia mimi ili niyachukue maneno yake na kuyavusha.

Mwenyekiti alicheka, akasema bibi amepitia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kuja. Watu wawili watatu wakacheka naye. Afisa wangu hakucheka. Alisema bila kunitazama, “Tafsiri vizuri, binti.” Siku zote aliniita ndugu. Siku ile aliniita binti.

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka niliogopa nini. Kazi? Wangenihamishia wilaya nyingine, basi. Ukurasa wangu wenye sahihi? Labda. Nadhani niliogopa zaidi kwamba mtu niliyempenda angeniona mimi ndani ya jambo lile, mimi na kamba yangu. Nikasema kwa Kifaransa kizuri, cha masista, kwamba mama huyu anamkaribisha mgeni kwa niaba ya wazee. Kwamba ndizi hizi ni za shamba la pamoja. Kwamba anafurahi sasa yuko karibu na shule na zahanati. Zahanati niliiongeza mwenyewe. Hakuna aliyenituma zahanati.

Ndipo akaniuliza, ni hayo tu aliyosema. Ndipo nikatikisa kichwa.

Aliandika mstari mmoja. Kisha akaweka uma chini, akasema ameshiba, na sahani yake ilikuwa haijaguswa. Mwenyekiti alinung'unika kwamba wazungu wana matumbo ya kuku. Mimi nilikula. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, kwa sababu mjane alikuwa bado amesimama na nilihitaji mahali pa kuweka macho.

Kabla ya kuondoka, mgeni alimpiga mjane picha, kisha akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama tunavyofanya kwa wakubwa. Nilifurahi kwamba amejifunza upesi.

Sasa, kilichofuata hakikuwa adhabu. Hakuna aliyemgusa bibi yule. Kilichofuata ni kwamba kijiji kizima kilimsikia akisema kwa Kiswahili, na kijiji kizima kilinisikia nikisema Kifaransa baada yake, kwa urefu ule ule. Waliamini ujumbe umefika. Hata mwenyekiti aliamini, na kwa muda alikuwa na wasiwasi. Na yeye bibi akaanza kusubiri jibu.

Kila nilipopita kijijini na baiskeli yangu aliniita.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mzungu wako hajajibu?”

“Bado, bibi. Ureno ni mbali.”

“Mbali kupita Bukoba?”

“Kupita.”

“Hm. Basi barua inakuja kwa miguu.”

Alicheka na kunisukumia kigoda. Aliniuliza kazi ya mzungu yule ni nini hasa. Nilimwambia ni mtoto wa kibarua wa shambani, na sasa anakaa kwenye nyumba kubwa na wenzake wakiwasemea wakulima. Alifikiri, akasema basi mtu huyo anajua, na anayejua huchelewa kwa sababu anatafuta jibu la kweli. Wenzake walipomtania kwamba ameposwa na mzungu asiyelipa mahari, alimtetea. Alisema mtu mwenye nchi nzima ya kusemea hawezi kukimbilia migomba ya kikongwe.

Mara mbili nilikwenda nikiwa nimeamua kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta na wageni. Mara ya pili nilimkuta peke yake, tukamenya maharage pamoja, na nikarudi.

Msimu mmoja baadaye nilipata bahasha yenye stempu za Ureno. Ndani kulikuwa na kijitabu chembamba, hakuna barua. Kilikuwa kwa Kireno, lakini Kireno na Kifaransa ni watoto wa mama mmoja, nikakisoma kwa kubahatisha. Kilieleza safari zake na kutetea mashamba ya pamoja. Katikati ilikuwepo picha ya mjane na fimbo yake. Chini ya picha, kwa kadiri nilivyoweza kuelewa, iliandikwa kwamba mjane wa kijiji cha ujamaa anawakaribisha wageni kwa ndizi za shamba la pamoja.

Uongo wangu ulikuwa umevuka bahari na kurudi ukiwa umechapishwa.

Nilimpelekea bibi picha ile. Sijui kwa nini. Labda nilitaka inilazimishe. Alikifuta kijitabu kwa kanga ingawa hakikuwa na vumbi. Alijitazama kwa muda mrefu.

“Kumbe amenikumbuka,” alisema. “Na hapa chini pameandikwa nini?”

Nilimwambia pameandikwa jina la wilaya.

Akataka nikiache kijitabu kwake. Nikakiacha. Baadaye nilisikia alikionyesha kisomoni.

Kisha vita ikaja. Majeshi ya Uganda yaliingia upande wa kaskazini wa mkoa wetu, mbali na Ngara, lakini vita haikuhitaji kutufikia ili ituchukue. Landrova ilichukuliwa. Malori yalichukuliwa. Vijana wa mgambo waliitwa, na mtoto wa yule bibi alipanda lori pamoja nao. Afisa wangu alikesha akikusanya mahindi, maharage na ng'ombe wa jeshi, na mimi nikazunguka vijijini kuhimiza mavuno ambayo hayakuwepo. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuangalia nani analala wapi.

Asubuhi moja ya ukungu nilikutana naye kwenye njia ya kilimani. Alikuwa na jembe begani, mkeka mgongoni, na mkononi kigae chenye makaa yaliyofunikwa majivu. Nilishuka kwenye baiskeli.

“Mzungu hajajibu?” aliuliza.

“Bado, bibi.”

“Basi nimejijibu mwenyewe.” Akahamisha kigae mkono wa pili. “Mwanangu yuko vitani. Hawezi kuwa kule, na shina lake likae na magugu.”

Nilimwambia hakuna paa kule na masika yanakaribia. Alisema paa ni nyasi, na nyasi zimejaa uani kwake kwa sababu yetu. Hakusema kwa uchungu. Ilikuwa hesabu tu. Aliniambia nipite siku moja nimsalimie, atanipikia ndizi za shina jingine.

Njia ilikuwa yetu wawili. Hakukuwa na afisa, wala mwenyekiti, wala mgeni. Kama kulikuwa na siku ya kusema, ni ile. Nilimshikia mkeka mpaka kwenye kona, nikageuza baiskeli.

Aliishi pale miezi michache. Alipalilia migomba, akajijengea kibanda kilichoegemea ukuta wa zamani. Masika yalipokolea alianza kukohoa. Wanawake waliompelekea chumvi walimkuta amelala kwenye mkeka, upande wa nyuma karibu na lile shina, na moto umezimika. Alizikwa pale pale, kati ya migomba. Hakuna aliyeuliza kibali. Mimi nilipata habari baada ya siku tatu, nikiwa Biharamulo kwenye mkutano wa mbegu, na niliendelea na mkutano.

Mtoto wake alirudi kutoka vitani. Mimi siamini kwamba mgomba unaweza kumzuilia mtu risasi, na sitaanza kuamini sasa. Naandika tu kwamba alirudi mzima. Alikwenda kukaa kilimani moja kwa moja, akaezeka nyumba, na hakuna aliyemshusha. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mambo yaliyoshindikana kwa ombi yalifanyika kwa uchovu.

Nilikwenda kumpa pole. Aliniketisha, akanipa maji. Kijitabu kilikuwa juu ya ukuta, kimechomekwa kwenye miti ya paa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, nilikuwa hata nimeandika mambo ya kusema. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema mama yake alikuwa na wazo kwamba mzungu hakujibu kwa sababu Kiswahili chake yeye kilikuwa kibaya siku ile, na hivyo mimi nilishindwa kukivusha vizuri.

“Alirudia kisomo mwaka wa pili kwa ajili hiyo,” alisema. “Alisema mzungu akija tena, atasema vizuri zaidi.”

Nilikunywa maji yale. Nikamshukuru. Sikumwambia, wala sijamwambia mpaka leo, na yeye naye sasa hayupo.

Niliacha kazi ya wilaya, nikafanya nyingine. Lakini maisha ya yule Mreno sikuyaacha. Sista mmoja aliyewahi kunifundisha, ambaye alikuwa amerudi Ulaya, alinitumia vipande vya magazeti. Nilijua alipochaguliwa tena. Nilijua alipopewa nafasi wizarani, msaidizi wa waziri wa kilimo, na nikaona picha yake akiwa amevaa tai hatimaye. Nilijua sheria ilipopita ya kuwarudishia wenye mashamba sehemu kubwa ya mashamba yao, na kwamba yeye, mtoto wa kibarua, aliikubali; alisema kulima kwa pamoja hakukuthibitika popote. Nilijua vibarua wake walivyomnyima kura mara iliyofuata. Kila kipande nilikisoma nikijiuliza: je, angeambiwa ukweli Ngara, angeandika kitabu kingine? Angepiga kura nyingine? Lilikuwa swali la majivuno, naona sasa, kudhani nchi nzima ilining'inia kwenye ulimi wangu. Lakini hatia ina majivuno yake. Iliniwezesha kufikiria kura za Wareno badala ya mkeka ule na moto uliozimika.

Miaka mingi baadaye, wakimbizi walipojaa Lukole, niliajiriwa kugawa mbegu na majembe kambini. Fundi wa visima alikuwa Mreno mzee, mcheshi, ambaye alizungumza nami Kifaransa. Siku moja tukisubiri pampu itengenezwe, nilimtaja mwanasiasa yule. Akacheka. Alisema wanatoka tarafa moja, na ndugu yake alifanya naye kazi ujanani. Nilimwambia nilikuwa mkalimani wake alipotembelea Ngara, na kwamba alikuwa ananitegemea kwa kila neno.

Fundi akaacha kucheka. Aliniuliza kwa nini mtu yule alihitaji mkalimani Tanzania. Kisha akanieleza kile ambacho mgeni wangu hakukisema njiani, na ambacho asingeweza kukisema katika nchi iliyokuwa imewahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji. Kabla ya siasa, wakati wa vita ya ukombozi kule, serikali ya kikoloni ilimpeleka kaskazini ya Msumbiji, karibu na pwani, awe bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu kwenye mashamba yao na kuwapanga katika vijiji vyenye uzio, na kuwaambia wapande nini huko. Aliifanya miaka mingi. Watu wa upande ule, alisema fundi, walizungumza naye Kiswahili kila siku, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kifaransa chake.